Kikundi cha maigizo, watoto wetu na ami asiyesemwa

BARUA YA MSOMAJI

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Pemba, shehia moja isiyo mbali na Chake Chake. Ni katibu wa kikundi cha maigizo cha hapa kwetu. Tuko watu wazima 9 na watoto 17, mdogo kabisa ana miaka 9, mkubwa 16. Hakuna anayelipwa. Mazoezi ni Alhamisi na Ijumaa jioni kwa sababu siku hizo chuo cha Kurani hakisomwi, na tunayafanya kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika ambao nyuma una stoo ya maleba na spika. Tukialikwa kucheza kwenye sherehe za Mapinduzi, Siku ya Mtoto wa Afrika au kampeni za jumuiya, tunakwenda.

Mwongozaji wetu ni ami yake mume wangu, nami humwita ami vilevile. Ndiye aliyekianzisha kikundi. Spika ni zake, nauli ikipungua hutoa mfukoni, na watoto wengi wa hapa wamejifunza kusimama mbele za watu kwa sababu yake. Sijapata kusikia mtu akimtaja kwa ubaya.

Mchezo tunaouandaa sasa unahusu udhalilishaji wa watoto. Msichana wa miaka 13 anacheza mtoto anayedhalilishwa, na ami mwenyewe ndiye anayecheza baba mdogo mdhalilishaji. Tangu tuanze, wenzake wakishaondoka msichana huyo hubakishwa, kwa maelezo kwamba lile tukio ni gumu na mtoto anaona haya mbele za watu. Wanalifanyia stoo, na mlango husindikwa. Magharibi ikishaingia ami humrejesha kwao kwa pikipiki. Amempa simu ndogo ili ampate kwa ratiba. Sikukuu iliyopita alimnunulia nguo na viatu. Mtoto huyo alikuwa mwepesi wa kucheka. Siku hizi amepoa, na wiki iliyopita nilipokwenda kukaa karibu yake aliificha simu chini ya mtandio. Labda ni umri tu. Baba yake amefariki, mama yake anauza maandazi, na kila akimuona ami humwombea dua.

Kikao kilichopita nilipendekeza tuwe na kanuni za kuwalinda watoto, bila ya kumtaja mtu. Mwenyekiti akasema hizo ni kanuni za wazungu, sisi watoto wetu wanalelewa na mtaa mzima. Ami akacheka, akasema, "Katibu ananiogopa mimi nini?" Kikao kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao. Nyumbani mume wangu akaniuliza: "Una ushahidi gani? Unataka ukoo mzima usitazamane usoni?" Ushahidi sina.

Mwezi ujao tumealikwa Unguja, kulala siku mbili. Wanakwenda watoto 8 na watu wazima watatu, ami akiwa kiongozi wa msafara. Mwanamke ni mimi peke yangu, na mama mkwe ameshaanza kuuliza wanangu nitamwachia nani.

Nikisema na ikawa sivyo, nitakuwa nimemchafua mtu aliyetutendea wema. Nikisema na ikawa ndivyo, najua mtoto ndiye atakayepewa jina baya, na wazazi watawatoa wasichana wote kikundini, wabaki wavulana ambao hawana tatizo. Nikinyamaza, silali. Nimuulize mtoto mwenyewe? Nimkabili ami? Au nijiuzulu ukatibu nipumzike?

Katibu, Pemba

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Ndani ya barua yako mna mambo mawili yaliyosukwa pamoja, na kabla ya lolote tuyafumue. La kwanza ni kikundi chenye watoto 17 ambacho hakina utaratibu wowote wa kuwalinda. Kasoro hiyo ingekuwepo hata kama mwongozaji angekuwa mtu mwingine kabisa. La pili ni mtoto mmoja, leo hii, katika hali unayoiona kwa macho yako. La kwanza linaweza kungoja vikao na maelewano, la pili haliwezi. Ukiyachanganya, ama mtoto atasubiri mpaka mwenyekiti aridhike na kanuni, ama atageuzwa mfano kikaoni, ajadiliwe kwa jina na watu tisa ambao kesho watapita kununua maandazi kwa mama yake.

Mume wako amekuuliza ushahidi, nawe ukaona mlango umefungwa. Ushahidi hutafutwa na polisi na hupimwa na mahakama. Katibu wa kikundi hadaiwi kitu hicho. Wewe una mambo uliyoyaona: kubakishwa peke yake, mlango uliosindikwa, pikipiki baada ya magharibi, simu, zawadi, na mtoto aliyebadilika. Yaandike kwenye karatasi usiyoiacha ovyo, kila moja na siku yake, kwa maneno ya jicho tu. "Alhamisi, wenzake waliondoka saa 12 kasorobo, wao walitoka stoo baada ya adhana" ni jambo lililoonwa. "Anamnyemelea" ni hukumu, na hukumu moja tu ikiingia katika karatasi hiyo, yote yaliyobaki yatatiliwa shaka.

Ukiyachukua moja moja, kila jambo lina maelezo mema. Yatima kununuliwa nguo ya sikukuu ni thawabu. Gari zikishaadimika jioni, pikipiki ni msaada. Lakini yakikusanyika kwa mtoto mmoja yanafanana na njia ambayo watu wanaodhuru watoto huipita mara nyingi: mtoto huchaguliwa, mara nyingi yule ambaye nyumbani kwao kuna upungufu, hupewa vitu vinavyomtia deni, hutengwa na wenzake kwa sababu inayosikika kuwa nzuri, hufunguliwa njia ya mawasiliano isiyopitia kwa mzazi, kisha mipaka hujaribiwa kidogo kidogo. Watu wazima nao huzoeshwa kwa wema mpaka wakaona haya kuuliza. Mtu mwema asiye na nia yoyote anaweza kufanya hayo hayo kwa kutojua. Kwa nje huwezi kuwatofautisha, mimi pia siwezi, na wala si lazima uijue nia yake ndipo uufungue mlango wa stoo.

Mwenyekiti wako amesema neno ambalo nusu yake ni kweli. Mtaa ulilea kwa sababu mtaa ulikuwa unaona: barazani wamekaa wazee, uani wamo wanawake, mtoto akipita kila mtu anajua anatoka wapi. Stoo iliyosindikwa inamtoa mtoto katika macho hayo. Na sidhani kama mwenyekiti anahitaji kufundishwa na mzungu kwamba mwanamume hakai faragha na msichana asiye maharimu wake, hilo amelijua tangu chuoni. Ukilirejesha jambo kwenye lugha hiyo, kicheko cha kikao kitapungua nguvu.

Ila lugha hiyo ina tundu moja, na tundu hilo limo pia katika barua yako uliposema wavulana hawana tatizo. Wavulana nao hudhalilishwa, na aghalabu hukaa kimya zaidi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza na kwa sababu wanaogopa jina watakalopewa. Mdhuru anaweza kuwa mwanamke. Anaweza kuwa kijana wa miaka 16 kwa mtoto wa miaka 9. Kanuni ikiandikwa kwa ajili ya wasichana na wanaume tu, umelinda nusu ya watoto wako, na umempa ami sababu ya kusema kwamba yeye ndiye aliyelengwa.

Tuje kwa mtoto mwenyewe. Umeuliza kama umuulize. Ningekuomba ufikiri sana kabla ya kufanya hivyo. Mtoto anayebanwa maswali na mtu mzima anayempenda huweza kukataa kila kitu kwa haya, na akishakataa mara moja ni vigumu kwake kurudi nyuma. Au atajibu lile analodhani unataka kulisikia, na baadaye maneno yake yatasemwa kuwa amelishwa. Au jioni hiyo hiyo atamwambia ami kwamba umeuliza. Unaloweza ni kuwepo. Kaa naye mnapokunja maleba, mwambie kwa ufupi: "Nakuona umepoa siku hizi. Ukiwa na jambo lolote, hata kama umeambiwa usiseme, mimi nitakusikiliza, na hutokuwa na kosa." Kisha zungumza habari nyingine. Usimwahidi kwamba hutomwambia mtu. Ahadi hiyo utalazimika kuivunja, na atakuwa amesalitiwa mara ya pili.

Akisema, msikilize bila kushtuka usoni. Swali la lazima ni kama usiku huo atalala mahali pa salama, na jambo lenyewe limetokea lini. Yaliyobaki waachie wenye kazi yao. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata akitumia neno la kitoto. Ikiwa ameguswa mwilini, muda ni jambo kubwa: dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na ni bora zaidi zikianzwa mapema, na za kuzuia mimba zina siku tano tu. Asioge kwanza, asifue. Nguo alizokuwa amevaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki unyevu huziozesha na alama hupotea. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini, Unguja na Pemba, vimewekwa ili daktari, polisi na mshauri wapatikane mahali pamoja, mtoto asizungushwe akirudia habari yake kila dirisha.

Kama hasemi kitu, bado una wa kukusaidia. Namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo, na mtu mzima mwenye hofu juu ya mtoto anaweza kuipiga na kueleza alichokiona. Kupiga huko si kufungua kesi. Yuko pia mratibu wa wanawake na watoto wa shehia, na maofisa wa ustawi wa jamii wilayani. Najua utakachoniambia: mratibu ni jirani, sheha ni mtu wa ukoo, na Pemba maneno hufika nyumbani kabla ya msemaji. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana watu wengine huanzia wilayani au kwenye simu, wakaurudia mtaa baadaye wakiwa wameshajua hatua zao.

Kumkabili ami peke yako ni njia ambayo ningeiogopa. Akiwa hana neno, ataumia na nyumba yako itaingia moto. Akiwa nalo, utakuwa umempa wakati wa kumfundisha mtoto la kusema na kuifuta simu. Anayeweza kuzungumza naye ni mwenyekiti, na mazungumzo yawe ya utaratibu tu: kuanzia leo stoo haifanyiwi mazoezi, watoto wote wanaondoka pamoja. Hapo hakuna tuhuma ya kujibu.

Mama wa mtoto ni mlango mwingine, na ni haki yake kujua mwanawe anabaki na nani hadi saa ngapi. Lakini mjane mwenye deni la wema anaweza kukugeuzia uso, au akampiga mtoto, au akaenda moja kwa moja kwa ami kuuliza. Ukienda, nenda na jambo dogo lisilo shaka: "Kuanzia sasa mazoezi yanakwisha saa 11 na robo. Mwanao akichelewa zaidi ya saa 12 kasorobo, nijulishe." Simu nayo unaweza kuigusa hivyo hivyo: kikundi hakitoi simu kwa watoto, ratiba itakuja kwenye simu ya mama. Utaona anavyoipokea, na upokeaji wake utakuonyesha kama anaweza kubebeshwa zaidi.

Jambo moja nitalisema kwa uzito kuliko mengine. Ikidhihirika kwamba kuna lililotokea, familia itataka kulimaliza ndani. Wazee watakaa, ami ataambiwa ahamie Unguja kwa miezi michache, mama atapewa kitu mkononi, na muhali, yaani kuoneana haya, utafanya kazi yake. Sulhu ya namna hiyo humwacha mtoto na mzigo, na humwacha mtu huru kwenda kuanzisha kikundi kingine mahali pengine. Wewe kama mke wa nyumba ile utavutwa sana upande huo. Bora ujue mapema.

Sasa utaratibu. Nitauelekeza kwenye kikundi chenu chenyewe, maana kanuni za jumla hukaa kwenye faili.

Anza na saa. Magharibi kwetu haihami sana: mwaka mzima huangukia baina ya saa 12 na saa 12 na dakika 45 hivi. Mazoezi yakianza saa 10 na kukatwa saa 11 na robo, kila mtoto anafika kwao kukiwa kweupe, na hoja ya pikipiki inakufa yenyewe. Watoto waondoke kwa makundi ya vitongoji, kila kundi na mtu mzima wa kutembea nao. Mtoto wa mwisho hangoji na mtu mmoja, wanabaki watu wazima wawili hadi achukuliwe.

Wawili hao wawe watu wazima kweli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana wenu wa miaka 16 analindwa, hahesabiwi kuwa mlinzi. Na mke na mume, au ndugu wawili, wasiwe ndio jozi, kwani mmoja akikosea mwenzake atamsitiri. Kuhusu idadi, NSPCC, jumuiya ya Uingereza ya kulinda watoto, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na mmoja kwa 10 wa miaka 13 hadi 18, wasipungue wawili kwa vyovyote. Kwa watoto 17 watatu wanatosha, umri wao ugawanyike vyovyote. Ninyi mko tisa. Watu mnao, mnachokosa ni zamu iliyoandikwa. Ukiongeza mama mmoja wa mtoto kila siku ya mazoezi, akae na kazi yake ya ukindu pembeni, umepata macho ambayo hayamo katika kamati.

Stoo iwe ya vitu. Bawaba zikitolewa mlango ukaondoka kabisa, vitu vya thamani vikafungiwa kwenye sanduku la chuma, hakuna tena cha kusindika. Kwa kubadilisha nguo, tungeni kamba mbili ukumbini, upande huu wasichana, upande ule wavulana, kanga mbili mbili zikishonwa pamoja ili zisipenye mwanga. Afadhali zaidi, watoto waje na fulana na suruali ya kubana ndani, maleba yavaliwe juu yake, pasiwe na kuvuana. Kiuno cha mpira huondoa haja ya kumpima mtoto kwa mikono. Maiki ya kubana kwenye nguo mtoto afundishwe kuiweka mwenyewe. Hapo ndipo wapiga muziki wengi hukosea, wanatia mkono kifuani kwa mtoto kwa haraka ya kazi bila ya kufikiri.

Daftari la mahudhurio liwe na safu nne: jina, saa aliyofika, saa aliyoondoka, aliyeondoka naye. Simu: kundi moja la WhatsApp la wazazi, ujumbe wote unapita humo. Mtoto akimwandikia mtu mzima pembeni, jibu linarudishwa kwenye kundi. Picha zipigwe kwa simu moja ya kikundi, zisipigwe kwenye sehemu ya kuvalia, na zikitolewa nje zisiandikwe jina la mtoto wala skuli yake.

Mchezo wenyewe ndio unaonisumbua kuliko bawaba. Mtoto wa miaka 13 anashikwa jukwaani na mtu mzima, wiki baada ya wiki, akifundishwa kwamba kuvumilia ndio kucheza vizuri. Hata mikono hiyo ikiwa safi kabisa, somo hilo ni baya. Tena onyesho la uwanjani lina watazamaji wake: tukio la kushikwa mara nyingi hupokewa kwa kicheko na miluzi, na kesho yake skuli mtoto huitwa kwa jina la mhusika. Si lazima tukio lionekane. Jukwaa likae tupu, mlango wa kitambaa, sauti ya redio nyuma yake inaongezwa, na mbele jirani wawili wanaosikia kisha wanaendelea kuchambua mchele. Watazamaji wataelewa kila kitu, na watajiona wenyewe katika jirani wale. Mtoto mdhalilishwaji achezwe na mwanamke mzima mwenye umbo dogo, na watoto wacheze watoto wa mtaa, wale wanaouliza mwenzao mbona haji kucheza. Mabadiliko hayo yanaondoa pia sababu ya mazoezi ya faragha, kwani hakuna tena tukio gumu la kufundishwa mtu peke yake. Unaweza kuyapeleka kikaoni kama hoja ya sanaa. Na ni hoja ya sanaa kweli.

Kwa kuwa mchezo ni wa udhalilishaji, jiandaeni na jambo linalotokea kwenye maonyesho ya aina hii: baada ya kupigiwa makofi, mtoto miongoni mwa watazamaji huja akasimama karibu na jukwaa, hasemi. Wachagueni watu wawili kabla ya onyesho, watajwe kwa maiki, wakae mahali pa wazi, wawe na namba 116 kichwani.

Safari ya Unguja ndiyo iliyokuwekea tarehe. Kwa idadi, watu wazima watatu kwa watoto 8 wanatosha. Kwa mpangilio hawatoshi. Ukishikwa na homa au kichefuchefu cha bahari, wasichana wamebaki bila mwanamke. Kwa uchache wawe wanawake wawili na wanaume wawili, vyumba vya wasichana na wavulana mbali mbali, watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto isipokuwa wakiwa wawili, na hakuna mtoto anayetolewa nje usiku na mtu mmoja kwenda kununua kitu. Wazazi watie saini karatasi inayotaja tarehe, chombo cha kusafiria, mahali pa kulala na namba mbili za kupiga. Watoto wahesabiwe kwa majina bandarini, ndani ya boti na wakishuka. Mwenyeji aliyewaalika aulizwe mapema nani mwingine analala jengo hilo. Na ikiwa mwanamke wa pili hapatikani, mchezo uliobadilishwa kama nilivyosema unaweza kuchezwa na watu wazima peke yao, ikibidi kwa kuzikata sehemu za watoto wa mtaa.

Unaogopa wazazi watawatoa wasichana. Fikiria ni lipi linalowatisha zaidi: daftari, zamu na mama mwenzao ukumbini, au minong'ono ya stoo itakapoanza kusikika? Inaweza kutokea wawili watatu wakatolewa hata hivyo, siwezi kukufichia. Ila mtu anayeufunga mlango kwa mtoto wake kwa kukosa habari, mara nyingi huufungua akishaona mpangilio kwa macho yake.

Mume wako usimbebeshe ami mara ya pili. Mbebeshe safari: nani anakwenda, nani analala wapi, kwa nini wewe huwezi kuwa mwanamke pekee. Katika hilo hana jamaa wa kumtetea, na huenda yeye ndiye akamtafuta mwanamke wa pili kupitia dada zake. Halafu msikilize anapozungumza juu ya ami yake. Mara nyingine mtu anayekasirika haraka namna ile ana jambo la zamani analolijua, na mara nyingine ni mapenzi ya mtoto kwa ami aliyemlea tu.

Kuhusu kujiuzulu, sitakwambia ubaki wala uondoke. Una watoto wako watatu na nyumba yako, na mtu aliyechoka hawezi kuwa jicho la wengine. Ukiondoka, hayo uliyoyaandika yafikishe kwanza kwa mtu mmoja mwenye wajibu wa watoto, wilayani au kwa njia ya 116, kabla ya kukabidhi mhuri. Ukibaki, daftari la mahudhurio halihitaji kupigiwa kura. Katibu ndiye mwenye daftari. Linaweza kuanza Alhamisi hii, kwa safu zake nne, wewe ukiwa umesimama mlangoni mpaka mtoto wa mwisho atoke.